Wodi zimejaa wenye TB, jaribio la dawa linakosa washiriki: mpango unakosewa wapi?

Mwana_Uyole (#1)
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya kuandika mpango wa kupata washiriki wa jaribio la dawa za TB ya kawaida, isiyo sugu, kwa watu wazima. Kituo kikuu Mbeya mjini, vituo vidogo Rungwe, Kyela na Mbarali. Mfadhili anataka jedwali: mwezi wa kwanza tutaandikisha wangapi, wa pili wangapi, hadi mwisho.

Desturi ninayoiona ni kuchukua rejista ya TB ya mwaka jana, kugawa kwa 12, kukata nusu, basi. Sikubaliani nayo. Nikiwa karani wa takwimu kwenye jaribio lingine nililiona hili kwa macho: kabla ya kuanza kila nesi anakuambia wagonjwa wapo tele, na siku mlango unapofunguliwa wanayeyuka.

Dai langu: kosa liko kwenye mpango, wagonjwa hawana kosa. Mwenye uzoefu aseme, hata kama ananipinga.

Ndaga_Fijo (#2)
Siti ya mbele nimekaa. Mkuu, hilo jambo lina mpaka jina: Sheria ya Lasagna. Louis Lasagna alikuwa daktari Mmarekani, bingwa wa mambo ya dawa. Alisema wagonjwa wanaofaa hupungua ghafla utafiti unapoanza, halafu hurudi palepale utafiti ukiisha. Usidhani Mbeya tuna mkosi wa peke yetu.

Nesi_Rejista (#3)
Nimefanya kazi kliniki ya TB miaka mingi, rejista naijua. Sikilizeni.

Kwanza, mtu mmoja anaweza kuwemo mara mbili: kagunduliwa zahanati, kahamishiwa hospitali, huku kaandikwa na kule kaandikwa. Pili, rejista ina TB za kila aina: ya mapafu, ya tezi, ya mifupa, watoto, waliorudi baada ya kuacha dawa, na walioanzishiwa dawa kwa dalili na picha ya kifua bila vimelea kuonekana. Jaribio lako litataka mtu mzima, TB ya mapafu, makohozi yenye vimelea, na kipimo cha GeneXpert kiseme hakuna usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. Ukishachuja hivyo, rejista nene inabaki kurasa chache.

Halafu mnahesabu kuanzia juu kwenda chini. Anza mwisho urudi nyuma. Chukua mfano huu, asilimia weka za kwako: unataka watu 200 wamalize. Ikiwa 15 katika kila 100 watapotea njiani, uandikishe 236. Ikiwa 40 katika kila 100 wanaondolewa kwenye uchunguzi wa awali, uwapime 394. Ikiwa mmoja katika kila watano anakataa, ukae na kuzungumza na watu 493. Mwambie mfadhili hiyo 493 ndiyo kazi, na ndiyo ya kupangia mishahara, mafuta ya gari na vikopo vya makohozi.

Kalulu_wa_Kyela (#4)
Hesabu ya dada hapo juu nzuri, ila haina kalenda. Kyela mvua inapiga mpaka Mei. Mto ukijaa, mtu wa ng'ambo haji kliniki hata umtumie helikopta. Mvua ikikata, watu wako kwenye mpunga. Mbarali kuna jambo jingine: Ubaruku na Igurusi zinajaa vibarua wa mashamba ya mpunga waliotoka mikoa mingine. Unamwandikisha mtu wakati wa kupandikiza, mavuno yakiisha karudi kwao, na matibabu ya TB ni miezi 6. Utamfuata Singida?

Jedwali lenye namba ileile kila mwezi aliyelitengeneza hajawahi kulima.

Mhehe_wa_Ilula (#5)
Kamwene wakuu. Mnazunguka. Watu wanaogopa damu, basi. Ukipita huku kwetu na gari jeupe lenye maandishi ubavuni, ukatoa chupa tano mezani, jioni kijiji kizima kinaongea mumiani. Nimeshuhudia mama akimtoa mwanawe mlango wa nyuma. Na kule Mbozi mkoani Mbeya kulikuwa na habari za wachuna ngozi, watu hawajasahau. Mpaka mlimalize hilo, hesabu zenu ni za karatasi tu.

Ndaga_Fijo (#6)
Mhehe, sahihisho: Mbozi iko Songwe tangu 2016. Hofu yenyewe naikubali, ilikuwepo.

Mtu_wa_Maabara (#7)
Kuhusu damu (#5), mimi ndiye ninayetoa. Chupa tano zinatisha kwa sababu mtu anaona vifuniko vya rangi tano. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo chupa ya mililita 10 ni vijiko viwili. Tulipoanza kuja na kijiko chenyewe, tukamimina maji mbele ya mgonjwa na ndugu zake, tukataja na kila chupa inaenda kupima nini, maswali yalibadilika. Walianza kuuliza majibu yao watayapata lini. Na hapo wako sahihi kudai, maana watafiti wengi wanachukua damu na hawarudi na majibu.

Lakini kuna sababu ambayo hakuna aliyeitaja: vigezo vya maabara. Itifaki, yaani mwongozo wa jaribio, zinakuja na viwango vilivyotokana na watu wa Ulaya na Marekani. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili kwa Waafrika wengi wenye afya ziko chini ya viwango hivyo, kwa hiyo mtu mzima kabisa anaandikiwa kasoro na kuondolewa. Watafiti wa huku walilifanyia kazi, na mwaka 2008 vilichapishwa viwango rejea vya maabara vya watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania. Vipo, muwalazimishe wenye itifaki wavitumie. Tena Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni chini ya mita 600. Himoglobini, yaani wekundu wa damu, ya mkaa mlimani huwa juu kuliko ya mkaa ziwani. Jaribio moja, vituo viwili, kizingiti kimoja: Kyela mtapoteza watu bila sababu ya ugonjwa.

Mwana_Uyole (#8)
Mtu_wa_Maabara, hili limenifungua macho, asante sana. Nesi_Rejista, hesabu yako nimeihamishia kwenye jedwali tayari.

Swali: hivi wanaokataa ni wengi kweli, au wengi hawafikiwi kabisa?

Nesi_Rejista (#9)
Hawafikiwi. Mgonjwa anagunduliwa asubuhi kwenye zahanati, saa nne kapewa dawa na kumeza palepale. Ndivyo inavyotakiwa, na ole wake atakayemcheleweshea mtu dawa ya TB ili utafiti upate namba. Sasa majaribio mengi ya TB hayapokei mtu aliyekwisha kumeza dawa siku kadhaa. Taarifa zake zinafika kwenye ofisi ya utafiti wiki inayofuata, ameshatoka kwenye vigezo. Wengine wameharibu mapema zaidi: wamekohoa mwezi mzima huku wakinunua siprofloksasini duka la dawa, na hiyo nayo ni ya kundi linalogusa vimelea vya TB.

Kwa hiyo wa kwanza kwenye mpango awe mtu wa maabara ya zahanati anayepiga simu dakika majibu yanapotoka. Muda wa maongezi alipwe na mradi.

Boda_wa_Mwanjelwa (#10)
Mimi si daktari, nabeba wagonjwa. Nimewabeba washiriki wa tafiti mara nyingi. Wanaambiwa nauli itarudishwa wakifika. Ya kufikia wanaitoa wapi? Mtu anatoka Chunya, anakopa kwa jirani, anafika, mhasibu yuko kikaoni. Safari ijayo haji. Halafu mnaandika kwenye daftari kwamba amepotea. Namba ya simu ninayo mimi, nyumba naijua, hakuna aliyeniuliza.

Kalulu_wa_Kyela (#11)
Boda umeua. Mwana_Uyole, mwajiri huyu.

Mchungaji_Msaidizi (#12)
Amani kwenu. Nauli na ya kula ni haki, ila kuweni waangalifu na kiasi. Pesa ikizidi, maskini anaficha ugonjwa mwingine ili aingie, au anajiandikisha kwenye tafiti mbili. Nimewaona vijana wanaojua tarehe za kila utafiti mjini. Kamati ya maadili inaliangalia hili kwa sababu hiyo.

Boda_wa_Mwanjelwa (#13)
Mchungaji, anayekosa siku ya kibarua kizima kuja kukaa kwenye benchi lenu, mkimlipa siku yake mmemhonga?

Mchungaji_Msaidizi (#14)
Hapana, siku yake alipwe. Nimesema ikizidi.

Mama_Parachichi (#15)
Habari zenu. Mimi nilikuwa mshiriki wa utafiti wa TB, niko Tukuyu. Naona mnatusema tu, niseme mwenyewe.

Sikuogopa damu wala sikukosa nauli. Nilichelewa kukubali kwa sababu fomu ya ridhaa ilisomwa kwangu mimi, na uamuzi wa nyumbani kwetu hauko kwangu peke yangu. Kulikuwa na maneno ya uzazi wa mpango, kwamba nisipate mimba kipindi chote. Hilo ningelisemaje kwa mume wangu kwa mdomo wangu? Niliomba nipewe karatasi niende nayo, nirudi keshokutwa. Yule dada wa utafiti alikubali, na jioni yake akapiga simu mume wangu akamuuliza maswali yake yote. Angenibana nisaini siku ileile ningekataa, na kwenye hesabu zenu ningekuwa yule mmoja kati ya watano.

Jambo la pili, gari. Walipokuja kunitembelea walisimamisha gari lenye maandishi mlangoni. Wiki nzima majirani wanauliza nina ugonjwa gani. Nikawaomba waje kwa miguu kutoka barabarani, bila koti jeupe. Walifanya hivyo mpaka mwisho.

Mwana_Uyole (#16)
Mama, ndaga sana. Hili la kurudi keshokutwa linagongana na alilosema Nesi kwenye #9. Mume anashauriwa siku mbili, dawa imeshaanza kumezwa.

Nesi_Rejista (#17)
Linagongana, ndiyo. Soma itifaki inaruhusu dozi ngapi kabla ya kuandikishwa. Ikiruhusu siku chache, mgonjwa aanze dawa za kawaida leo na ashauriane na watu wake bila kubanwa. Ikiwa hairuhusu hata moja, mwambieni mwenye itifaki kabla haijapelekwa kwenye kibali.

Mhehe_wa_Ilula (#18)
Ongezeni na pombe. Vigezo vya ini vinaondoa walevi, na huku Iringa na Njombe mvua zikianza ulanzi unagemwa. Ukiwapima watu Februari utaniambia.

Kalulu_wa_Kyela (#19)
Mhehe kaleta hoja ya ulanzi kwa upendo mkubwa sana. 😄

Mhehe_wa_Ilula (#20)
Hoja ni hoja. Nyie wa kimpumu mnyamaze.

Dr_Mstaafu (#21)
Nimesoma uzi wote. Mnachosahau ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulionyesha maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya kwa wenye miaka 15 na zaidi, wakati nchi nzima ni 4.4. Na kati ya wagonjwa wa TB, wenye VVU huwa wengi zaidi kuliko kwenye jamii kwa jumla. Jaribio linalowaondoa, au linaloweka kizingiti kikali cha CD4 (chembe za kinga ya mwili), limekata sehemu kubwa ya wagonjwa wa nyanda za juu kusini kabla halijaanza. Tena matokeo yake yatawahusu akina nani, ikiwa wagonjwa wetu hawamo?

Pia msikate tamaa. Kuna jaribio la PanACEA, muungano wa watafiti wa TB, la dozi kubwa ya rifampisini lililofanyika Tanzania na Afrika Kusini, Mbeya ikiwa mojawapo ya vituo. Waliandikisha wagonjwa 365 kati ya Mei 2013 na Machi 2014, matokeo yakatoka 2017. Vituo 7 viligawana mzigo. Inawezekana.

Ndaga_Fijo (#22)
Na Uingereza wakati wa Uviko? Jaribio la RECOVERY lilianza Machi 2020, Juni wakatangaza kwamba deksamethasoni inaokoa maisha. Vigezo vichache, fomu fupi. Kwa nini sisi tusifupishe?

Dr_Mstaafu (#23)
Vigezo vifupishwe, naunga mkono. Ila wale walikuwa wamelazwa tayari, wagonjwa wako kitandani na majibu yanahesabiwa ndani ya siku 28. Wa TB anatembea, analima, anasafiri kwenda msibani Ludewa. Kumpata ni kazi moja, kukaa naye miezi na miezi ni kazi nyingine.

Sina_Imani (#24)
Ninyi mnapanga namna ya kutupata, mimi nauliza kwa nini tuwe panya wa maabara wa wazungu. Ile chanjo ya Ukimwi ya PrEPVacc ilifanyika hapahapa Mbeya, ikasimamishwa 2023 kwa sababu ilidhuru watu. Mnanyamaza.

Mtu_wa_Maabara (#25)
Sina_Imani, swali lako ni halali lakini sababu si hiyo. Chanjo zilisimamishwa kwa sababu kamati huru inayoangalia takwimu iliona hakuna uwezekano wa kuonyesha kwamba zinakinga. Washiriki 1,512 walitoka Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, na jambo lilitangazwa hadharani. Kamati ya namna hiyo ipo ili watu wasiendelee kuchomwa kitu kisicho na faida.

Ila chanjo za VVU zina tatizo ambalo washiriki wanapaswa kuambiwa mapema: mtu anaweza kuonekana chanya kwenye kipimo cha kingamwili bila kuwa na virusi, kwa sababu mwili umetengeneza kingamwili kutokana na chanjo. Fikiria akipimwa kwa ajili ya kazi au ndoa. Kwa hiyo hupewa kadi na mahali pa kupimwa kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Dar es Salaam jaribio la HIVIS03 lilichukua wajitoleaji 60 kutoka jeshi la polisi, na hilo lilikuwa miongoni mwa maswali makubwa.

Sina_Imani (#26)
Nimekuelewa kwenye kusimamishwa. Kwenye imani bado. Nani anayetukagua hao watafiti? TFDA?

Dr_Mstaafu (#27)
Ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tangu 2019. Jaribio la dawa linahitaji kibali chao, na kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Hata bango la kuwaita washiriki na tangazo la redio hupitiwa na kamati ya maadili kabla ya kutoka. Mwana_Uyole, weka muda huo kwenye mpango. Ukitaka kubadilisha bango katikati ya mwaka, unarudi kwenye foleni.

Mzee_wa_Isyesye (#28)
Nimewahi kukaa kwenye bodi ya ushauri ya jamii ya utafiti mmoja. Mnaita wajumbe mkiwa mmeshaandika kila kitu, mnatusomea, tunapiga makofi, tunakula, tunaondoka. Ningeulizwa mwanzo ningesema usimpeleke kijana wa mjini anayeongea Kiswahili cha ofisini kwa bibi wa Umalila. Tafuta mtu wa Kimalila. Kwa asiyejua kusoma, anayeweka dole gumba, shahidi awe mtu anayemwamini. Mnamwita mlinzi wa geti awe shahidi, huo ni ushahidi gani?

Na kuna wanawake 600 wa baa na nyumba za wageni mkoani hapa waliofuatiliwa kila miezi 3 kwa karibu miaka 4, kuanzia 2000. Watu walisema wahudumu wa baa hawashikiki, wanahama leo Tunduma kesho Makambako. Walifuatwa walipo, kazini kwao, na utafiti ukafanyika.

Mchungaji_Msaidizi (#29)
Mzee umenena. Huku kwetu Moravian tunaweza kutangaza ibadani pia.

Mama_Parachichi (#30)
Mchungaji, usikasirike. Tangazo la TB liwepo, watu wapime. La kujiunga na utafiti lisitoke madhabahuni. Nani atakataa mbele ya kanisa?

Mchungaji_Msaidizi (#31)
Naikubali hiyo, mama.

Nesi_Rejista (#32)
Niseme na la manesi, maana hakuna atakayelisema. Utafiti unaajiri wanne, unawaweka chumba chenye feni, sisi wa kliniki tunabaki wawili na foleni ileile, halafu tunaombwa tuwaelekeze wagonjwa kwao. Kila mgonjwa ninayemwelekeza ni dakika 20 zangu. Nikiwa na watu 50 nje, nani ninayemsahau kwanza? Hakuna mwenye roho mbaya. Mkiweka nesi mmoja wa mradi asaidie foleni ya kliniki nzima, namba zitapanda kuliko bango lolote.

Boda_wa_Mwanjelwa (#33)
Mimi nabaki kwenye nauli.

Mhehe_wa_Ilula (#34)
Na mimi kwenye damu.

Mwana_Uyole (#35)
Wakuu, jedwali limebadilika. Miezi mitatu ya kwanza nimeweka namba ndogo sana, vituo vifunguliwe kimoja kimoja. Kyela ianze Juni na si Januari. Nauli itatumwa kwa simu siku moja kabla. Nesi wa foleni nimemwombea bajeti. Daftari la waliopimwa na kuondolewa litaandika sababu kwa kila mtu, ili baada ya miezi mitatu tujue ni ini, ni dozi, ni mume, au ni mto umejaa. Mfadhili hatapenda, ataona tunachelewa.

Ndaga_Fijo (#36)
Si aongeze vituo tu? Songwe kuna wagonjwa, Makambako pia.

Mtu_wa_Maabara (#37)
Kila kituo ni jokofu, umeme wa akiba, watu waliofundishwa na usafiri wa makohozi yakiwa ya baridi hadi maabara ya kuotesha vimelea. Kituo kinachoandikisha mtu mmoja kwa miezi miwili kinakula fedha za kituo kinachofanya kazi.

Kalulu_wa_Kyela (#38)
Ila bila Songwe hiyo 493 ya dada mtaifikia mwaka gani?

Mama_Parachichi (#39)
Kuna jambo moja hamjagusa, na ndilo mume wangu aliuliza kwenye ile simu. Dawa ikionekana inafanya kazi, sisi tuliojitolea Rungwe tutaipata, na lini? Alijibiwa kwamba wataangalia. Shemeji yangu naye ameombwa kujiunga na utafiti mwingine, kauliza hilohilo, bado anasubiri.

Mwana_Uyole (#40)
Mama, rasimu yetu ya fomu ya ridhaa ina mstari mmoja tu juu ya hilo na haitaji muda wala nani atalipia. Kesho nina kikao na mfadhili, nitalipeleka kama lilivyo.

Mama_Parachichi (#41)
Lipeleke. Jibu litoke kwa maandishi, shemeji hataki la simu.